Istanbul kwa mara ya kwanza: tulale wapi, na tujihadhari na nani?

SWALI: Mimi na mdogo wangu tunakwenda Istanbul mwezi wa kumi kwa siku sita. Nina duka la nguo za kike Mwanza na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufuata mzigo mwenyewe. Siku moja au mbili tungependa pia kutembea. Wengine wananiambia nilale Laleli, maana ndiyo Kariakoo ya kule; wengine wanasema Laleli na Aksaray si salama kwa wanawake. Kuna kaka mmoja Mtanzania anayeishi huko ametutafutia fleti kwa bei nafuu kuliko hoteli, ila anataka tutangulize dola 250 kabla ya Ijumaa. Tulale wapi? Na huo utapeli tunaousikia ukoje?

JIBU: Dada yangu, naanza na lenye haraka: usitume hizo dola 250.

Sisemi huyo kaka ni tapeli, simjui. Nasema kwamba hata akiwa mtu mwema kabisa, amekuweka mahali ambapo mambo yakiharibika huna pa kushika. Pesa iliyokwenda kwa jina la mtu binafsi hairudi kwa malalamiko, na hiyo Ijumaa aliyokuwekea inakunyima muda wa kuuliza watu. Hoteli ya kawaida unaweka nafasi leo, mara nyingi unaweza kuifuta bila kutozwa kitu mpaka siku chache kabla, na unalipa ukiwa umesimama mapokezi na funguo unaiona.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uturuki ina sheria inayomtaka anayepangisha nyumba kwa wageni kwa muda usiozidi siku 100 awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao cha kibali hicho kibandikwe mlangoni. Kwenye jengo la fleti, wenye nyumba wenzake wote lazima wawe wamekubali. Kwa hiyo mwombe huyo kaka kitu kimoja tu, picha ya kibao. Akiwa nacho utaipata ndani ya dakika tano. Akianza hadithi ndefu, umeshajibiwa. Fleti isiyo na kibali inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini jirani akilalamika ninyi ndio mtakaokuwa kwenye ngazi na mabegi saa nne usiku.

Hoteli, hata ile ndogo ya vyumba kumi, ina mtu wa mapokezi usiku na kwa sheria inaandikisha wageni wake polisi. Ndiyo maana mtaombwa pasipoti mkifika. Msishtuke, wanachukua taarifa na kurudisha. Wasiporudisha hapo hapo, subirini mezani mpaka mzipate.

Na hili lijueni mkiwa bado Mwanza: tangu 2017 mahakama ya Uturuki iliizuia tovuti ya Booking.com kuuza vyumba vya nchini humo kwa mtu aliye ndani ya nchi. Ukiwa nyumbani unaweka nafasi bila shida. Ukishatua Istanbul, ukataka kuhama hoteli, utaona vyumba vya dunia nzima isipokuwa vya Uturuki. Nimewahi kupigiwa simu na mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye begi lake barabarani akidhani simu yake imeharibika. Andika kwenye karatasi majina na namba za hoteli mbili za akiba kabla ya kupanda ndege.

Sasa tuje kwenye mtaa. Laleli na Aksaray zimepakana, na watu huzitaja kwa pumzi moja, lakini hazifanani. Laleli ni mtaa wa maduka ya jumla. Ulinenepa baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, wafanyabiashara wa huko walipoanza kuja na mabegi matupu na kuondoka nayo yamejaa. Mpaka leo mabango ya Kirusi yapo kila kona. Mchana pana watu, pana mikokoteni, pana kelele za kazi, na mwanamke anatembea bila wasiwasi. Jioni milango ya chuma inashushwa na mitaa ya ndani inabaki na maboksi na giza. Aksaray kinyume chake: jioni ndipo inapoamka. Kuna migahawa mizuri ya Wasyria, lakini pia kuna kumbi za usiku na wanaume wanaosimama tu.

Nitasema wazi kwa sababu hakuna anayewaambia dada zetu kabla hawajaondoka. Kwa miaka yote niliyopeleka vikundi vya wafanyabiashara huko, sijawahi kuwa na mteja aliyeshikiwa kisu. Wanaopoteza pesa huzipoteza kwa maneno. Lakini mwanamke Mwafrika anayetembea peke yake usiku pale Aksaray hufuatwa na wanaume wanaomuuliza bei yake. Nimepokea wateja wangu hotelini wakilia. Hakuibiwa mtu, hakuguswa mtu, na bado safari nzima ikawa imeharibika. Wanaokwambia Laleli haina shida mara nyingi ni wanaume, na kwa upande wao wanasema kweli.

Ushauri wangu ni Sirkeci, au Sultanahmet upande wa juu karibu na njia ya tramu. Sababu ni hiyo tramu yenyewe, laini ya T1. Kutoka Sirkeci inapanda Gülhane, Sultanahmet, Çemberlitaş, Beyazıt, kisha kituo cha tano ni Laleli. Mkiendelea mbele kwa tramu hiyo hiyo mtafika Merter, ambako nako kuna maduka ya jumla. Mkitaka Osmanbey, kwenye nguo za kike zenye hadhi ya juu kidogo, tembeeni kutoka Laleli mpaka kituo cha metro cha Vezneciler, mpande laini ya M2, mshuke Osmanbey baada ya Taksim. Yaani kazi yako yote inafikika kwa kadi moja ya usafiri, na usiku mnalala mtaa wenye taa, familia na watalii.

Utaniuliza, na mzigo je? Hapo ndipo hoja ya kulala Laleli inapokosa nguvu. Siku hizi hubebi viroba mpaka chumbani. Unanunua, duka linapeleka mzigo kwenye ofisi ya kago uliyoichagua, na wewe unabaki na risiti na sampuli. Kulala juu ya ghala hakukusaidii kitu.

Kama bajeti inabana na lazima iwe Laleli, basi chukueni hoteli iliyo kwenye Ordu Caddesi yenyewe, barabara kuu inapopita tramu, isiwe kwenye vichochoro vinavyoshuka kuelekea Kumkapı na bahari. Na muwe ndani kabla maduka hayajafunga. Upande wa Taksim kuna mtaa uitwao Tarlabaşı, nyuma tu ya barabara kubwa. Vyumba vyake huonekana rahisi sana na picha zake zinapendeza. Uacheni.

Jina la hoteli lisikudanganye. Nyingi zinajiita "Sultanahmet" hali zipo Kumkapı au Aksaray. Fungua ramani, weka kituo cha tramu kilicho karibu, pima njia ya kutembea, kisha tazama picha za barabara hiyo hatua kwa hatua kama unatembea. Istanbul ni mji wa vilima, na "dakika tano kutoka kituoni" inaweza kuwa ngazi themanini. Halafu soma maoni ya wageni wa miezi mitatu ya karibuni tu, tena ya wanawake waliosafiri peke yao. Waliolala vibaya hutaja mambo mahususi: mlango usiofunga, mtu wa mapokezi aliyewapigia simu chumbani usiku, harufu ya ukumbi wa chini. Wanaosema "nzuri sana, asanteni" hawakusaidii.

Kwenye utapeli sitakupa orodha ndefu, kwa sababu orodha huisha na matapeli hawaishi. Kipimo ninachowapa wateja wangu ni hiki: nani alianza? Mtu uliyemwendea wewe, ukamsimamisha kuuliza njia, mara nyingi ni mtu wa kawaida, na Waturuki ni wakarimu mno; ataacha kazi yake akufikishe. Mtu aliyekujia yeye, akiwa na Kiingereza safi na muda wa kutosha, ana sababu ya kukujia. Na pale Sultanahmet mtawasikia hata wenye "Jambo! Hakuna matata!" kwa sababu wanajua ndege zinatoka Zanzibar na Dar es Salaam. Atawaambia amewahi kufika Zanzibar. Atawasindikiza msikitini bure, awaeleze historia, kisha atasema duka la mjomba wake liko hapo nyuma, mnywe chai tu. Chai yenyewe si kosa. Muuzaji wa Kituruki anakukaribisha chai kama sisi tunavyosema karibu kiti. Kwenye duka la jumla uliloingia mwenyewe, kunywa chai na uongee bei. Tatizo ni duka uliloletwa, maana aliyekuleta analipwa, na malipo yake yamo ndani ya bei yako.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi: Mswahili mwenzetu. Ukiwa umechoka, lugha huijui, ghafla unasikia "Dada, karibu, umetoka wapi?" moyo unafunguka. Na wengi wao ni watu wazuri kweli, vijana wanaohangaika, wanaojua kila duka na kila bei. Nafanya nao kazi mpaka leo. Lakini safari yangu ya kwanza nilimkabidhi mmoja dola 400 akanibadilishie, kwa sababu aliniambia mgeni hupewa bei mbaya. Nilisimama mbele ya duka nililoachwa mpaka mwenye duka akazima taa. Nilikuwa nimeshampa mtu yule jina la mama yangu, kijiji chetu, kila kitu.

Kwa hiyo ukimchukua mtu wa kukutembeza, mpatane ujira wa siku kabla hamjaondoka hotelini, kiwango kimoja, na umlipe jioni. Mwambie mbele ya mdogo wako kwamba hutaki "cha juu" dukani. Bei ulizia mwenyewe. Laleli wanaandika kwa dola kwenye kikokotoo, na wanauza kwa seri, yaani pakiti ya saizi zilizopangwa, kwa hiyo uliza seri ina pisi ngapi kabla hujafurahia bei. Pesa itoke mkononi mwako iingie kwenye droo ya muuzaji, isipite kwa mtu wa kati. Nenda pia duka moja au mawili peke yako siku ya kwanza, bila yeye, uone bei zinavyosimama. Mkweli hataudhika na lolote kati ya haya.

Teksi nazo zina mambo yake. Mkiwa mmefika na mabegi matupu hamna haja nayo hata kidogo: kutoka Uwanja wa Istanbul kuna metro M11 mpaka Gayrettepe, mnaungana na M2 mpaka Vezneciler, na kuna mabasi ya Havaist yanayokwenda maeneo makubwa ya mji. Uwanja uko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, kwa hiyo dereva anayezunguka ana pa kuzungukia. Mkifika usiku wa manane metro imefunga. Iombeni hoteli itume gari, bei ikiwa imeandikwa kwenye ujumbe. Anayewafuata ndani ya ukumbi akisema "taxi, taxi" mpiteni.

Mjini, teksi ya njano iitwe kwa programu kama BiTaksi, au iitwe na hoteli. Mita iwake mkiwa mmekaa, na msikubali hadithi ya nauli ya usiku, hakuna. Ushuru wa daraja huongezwa kihalali, ila mkiwa mnazunguka Sirkeci, Laleli na Taksim hamvuki daraja la kulipia. Ujanja unaouma ni wa noti. Unampa lira 200, ambayo ndiyo noti kubwa kuliko zote, anageuka kidogo, anakurudia na 20 mkononi: "Umenipa hii." Unajiona mjinga, unaomba radhi, unatoa nyingine. Dawa yake ni kubaki ndani ya gari, kuinua noti, na kuitaja kwa sauti unapoikabidhi: "iki yüz", yaani mia mbili. Akishajua umeiona, hajaribu. Piga picha namba ya gari. Malalamiko hupokelewa na manispaa kwa namba 153.

Mengine nipitie haraka. Mng'arishaji viatu anayepita mbele yenu na kudondosha brashi ameidondosha makusudi; mkimwokotea atawashukuru kwa kuwasafisha viatu "bure", kisha bei inakuja. Kwenye mashine za Istanbulkart, ile kadi ya usafiri, kuna "wasaidizi" wanaochukua noti yako na kukupa kadi yenye salio dogo. Mashine ina lugha kadhaa, bonyezeni wenyewe. Mashine ya benki ikikuuliza kama ikutoze kwa dola au kwa lira, chagua lira kila mara, maana ukichagua dola unabadilishiwa kwa kiwango chao. Tumieni mashine zilizo kwenye ukuta wa benki halisi. Kama kaka au shemeji atawafuata baadaye, mwambieni asikubali rafiki mpya wa Taksim anayemkaribisha bia moja kwenye baa anayoijua yeye. Bili ya meza hiyo hulipwa kwa vitisho.

Polisi ni suala la pekee kwetu. Watu weusi husimamishwa kuulizwa hati, hasa Aksaray na Kumkapı, na tangu 2023 kuna magari maalumu ya uhamiaji yanayokagua barabarani. Huo si utapeli. Tembeeni na pasipoti halisi na nakala ya viza, jibuni kwa utulivu. Polisi wa kweli anataka hati. Hana haja ya kuhesabu dola zako. Mtu wa nguo za kiraia akitaka kuona pochi "kukagua noti bandia", mwambieni mtaifungua kituoni, ingieni duka lililo karibu, mpige 112. Viza yenyewe, kama mnastahili ya kielektroniki, iombeni kwenye tovuti rasmi ya serikali, evisa.gov.tr, kwa sababu kuna tovuti zinazofanana nayo zinazotoza zaidi kwa kazi ileile. Na kumbukeni ubalozi wetu upo Ankara, haupo Istanbul. Pasipoti ikipotea ni safari nyingine, kwa hiyo picha yake iwe kwenye simu zote mbili na kwenye barua pepe.

Ofisi ya kago ichague kabla ya kununua. Uliza kwa wanaopokea mzigo Mwanza na Kariakoo sasa hivi, si kwa waliopokea miaka mitatu iliyopita. Mzigo upimwe mbele yako, uzito uandikwe kwenye risiti, na upige picha kila kiroba kikiwa kwenye mizani. Kilo huongezeka ajabu mtu asipokuwepo.

Siku yenu ya kutembea iwe Jumapili. Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale, hufungwa Jumapili, na Laleli nayo hupoa, kwa hiyo hampotezi biashara. Beba khanga mbili; zitawastiri misikitini. Msikiti wa Sultanahmet hauna kiingilio. Msikiti wa Ayasofya tangu Januari 2024 unatoza watalii wa kigeni euro 25 kuona ghorofa ya juu, lakini kama ni Waislamu mnaokwenda kuswali, mlango wa waumini hauna malipo. Kwa hiyo anayewauzia tiketi ya "kuruka foleni" nje ya msikiti mwambieni hapana.

Alasiri shukeni Eminönü. Watawazonga wenye boti za kifahari. Wapiteni mpaka kwenye pantoni ya kawaida wanayopanda wenyeji, gongeni kadi zenu, mvuke kwenda Üsküdar. Ni bahari ileile na minara ileile ya misikiti, kwa nauli ya abiria wa kila siku. Mkishuka, fuateni ukingo wa maji kwa mkono wa kulia, mtembee taratibu mpaka muuone Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama peke yake baharini. Wauza chai wako hapo kando ya maji. Ulizeni bei kwanza, kisha kaeni mpaka jua lizame.